Maswali ya Wasomaji: Tairi la Matope au la Njia Zote?

Barua za matairi huongezeka kila masika yanapokaribia, na safari hii tumeziweka pamoja tatu kwa sababu, zikichukuliwa pamoja, zinagusa njia isiyokuwa na sura moja: lami kidogo, changarawe kidogo, kisha tope au mchanga. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwani inawagusa wengi wanaofanya biashara kati ya Malindi na Tana.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mfanyabiashara wa maembe na mahindi, mkaazi wa Malindi. Nina pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, na matairi yake yameandikwa 265/70R16. Wiki nyingi hushika lami hadi Gongoni na Marereni, na mara nyingine hadi Minjila na Garsen, kisha nikaingia ndani kutafuta mzigo: Marafa, Adu, au vijiji vya Tarasaa na Ngao kule Tana. Mvua ikinyesha hukwama, na vuli iliyopita ilibidi nivutwe na trekta. Muuzaji mmoja wa matairi amenishauri ninunue matairi ya matope, tena ya 265/75R16 ili gari liinuke. Rafiki yangu ambaye ni dereva wa miaka mingi anasema matairi hayo ni ya fahari tu na yatanimalizia mafuta. Nimsikilize nani? — Msomaji, Malindi

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Muuzaji na rafiki yako hawakukosea kabisa, lakini wote wawili wamekimbilia kukupa jibu kabla ya kukuuliza mambo mawili: katika kila kilomita mia unazoendesha ni ngapi zilizo juu ya lami, na tope linalokukwamisha ni la namna gani. Kwa jinsi ulivyoieleza njia yako, sehemu kubwa ya safari ni barabara kuu ya Garsen, na vile vipande vya ndani, ijapokuwa ndivyo vinavyokutoa jasho, ni vifupi. Hilo peke yake linatuelekeza kwenye tairi la njia zote, ambalo ubavuni huandikwa A/T, na kutuondoa kwenye tairi la matope, ambalo huandikwa M/T. Hata hivyo, tulitazame kwanza tope lenyewe.

Tope la Marafa na tope la Tarasaa hayafanani. Upande wa Magarini, yaani kule Marafa na Adu, utakuta sana mchanga, na udongo mwekundu uliochanganyika na mchanga. Mvua ikinyesha, tabaka la juu hulainika na kuteleza, lakini chini yake, mara nyingi kwa kina cha vidole vichache tu, pana ardhi ngumu ambayo tairi likiifikia linapata pa kushika. Njia kama hiyo hukauka upesi, na dereva mwenye subira hupita jioni palepale ambapo mwenzake alikwama asubuhi. Bonde la Tana lina mambo mengine. Kule utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao madereva na wajenzi wa barabara huuita blakikotoni, ambao tabia yake ni kunywa maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Ukilowa sawasawa hauna chini ya karibu: gurudumu linazama, linaendelea kuzama, na gari linakalia tumbo.

Simama kando ya gari lililokwama katika udongo huo ulitazame tairi lake la nyuma likizunguka. Kama ni tairi la lami, mifereji yake ni myembamba, na mzunguko mmoja au miwili inatosha kuijaza. Kuanzia hapo huoni meno tena, unaona duara la udongo unaong'aa, na duara hilo halishiki chochote hata dereva akikanyaga mafuta namna gani. Tairi la matope limetengenezwa kwa ajili ya wakati huo. Meno yake ni makubwa na marefu, mapengo kati ya meno ni mapana, na katika matairi mengi ya aina hii pana vinundu vidogo vya mpira ndani ya mapengo ambavyo kazi yake ni kuyasukuma nje mawe na tope. Gurudumu likizunguka kwa kasi ya kutosha, tope hurushwa na meno hubaki wazi kushika upya. Neno la kuzingatia hapo ni kasi. Anayeingia topeni na tairi la matope kisha akatambaa kwa woga, meno yake yatajaa vilevile, na atakuwa amelipia kitu asichokitumia.

Sasa tuje kwenye lami, ambako gharama ya meno hayo hulipwa. Mapengo yakiwa mapana, mpira unaogusa barabara unakuwa mchache. Ile mikato midogo midogo inayochorwa juu ya meno ya tairi la lami ili lishike barabara iliyolowa huwa michache sana katika matairi mengi ya matope, hivyo mvua ikikukuta kwenye lami gari litahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama, na kwenye kona litaanza kuteleza mapema. Tena tairi lenyewe ni zito, linavuma masikio yakachoka, meno yake huliwa upande mmoja usipoyahamisha magurudumu kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, na mafuta linakula. Hapo rafiki yako amesema kweli. Kwa maoni yetu, dereva anayepita Marereni na shehena ya maembe mgongoni, lami imelowa na ng'ombe wanavuka, anahitaji breki kuliko anavyohitaji meno.

Tairi la njia zote lina meno yaliyokaribiana zaidi, na juu yake mikato ya kushikia maji. Aina hii haikuzuka jana: kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilitoa tairi lake la radiali, yaani la waya, la njia zote kwa magari ya mizigo midogo mwaka 1976, na siku hizi ni shida kumtaja mtengenezaji mkubwa asiyekuwa nalo. Kwenye mchanga mwekundu wa Marafa litakupitisha, ukilitumia kwa namna tutakayoieleza. Kwenye blakikotoni iliyolowa ya Tarasaa litakushinda, na tukwambie wazi kwamba siku mbaya huko tairi la matope nalo hushindwa. Pia utakuta dukani matairi yaliyoandikwa R/T, ambayo yamekaa katikati ya hizo aina mbili. Hayana ubaya, ila yameegemea zaidi upande wa matope kuliko safari zako zinavyodai.

Kabla hujatoa hata shilingi, lakini, jifunze kupunguza upepo. Tuna hakika kwamba wengi wanaokwama Magarini wanakwama na upepo uleule waliotoka nao mjini, na wengine hawajui hata ni kiasi gani, kwa sababu kipimo chao ni kulipiga tairi teke. Nunua geji yako mwenyewe uiweke garini, upime asubuhi tairi likiwa halijapata moto, maana likishakimbia upepo hupanda na kipimo hukudanganya. Chukulia kwamba pikapu yako inatembea na upepo wa pauni 35. Ukifika mwisho wa lami gari likiwa tupu, shusha hadi 22 au 20. Tairi litakaa chini kwa urefu zaidi, na alama litakayoiacha ardhini itarefuka kuliko itakavyopanuka, na huo urefu ndio unaolisaidia kubeba uzito bila kuzama. Ukiwa na nusu ya mzigo, ishia 26 hivi. Ukiwa umejaza, punguza kidogo tu au usipunguze kabisa, kwa kuwa tairi lenye shehena nzito na upepo mchache hujikunja ubavuni, hupata moto, na hupasuka. Usishuke chini ya 15 kwa hali yoyote ya kawaida, kwani ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu unapokata kona. Na ukishapunguza, usizidi kilomita 40 kwa saa, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Kwa hiyo pampu ndogo inayotumia umeme wa betri ya gari ihesabu kuwa sehemu ya bei ya matairi. Asiyekuwa nayo hapunguzi upepo, kwa sababu anaogopa atajazia wapi.

Jambo la pili la kulitazama kabla ya meno ni ubavu. Njia zetu za ndani zina mawe ya matumbawe yenye makali, zina visiki vya miti iliyokatwa, na kuanzia Garsen kupanda juu kuna mathenge, mti ambao mwiba wake ni mrefu na mgumu kiasi cha kutoboa tairi jipya. Tundu lililo kwenye meno fundi wa pancha ataliziba na ukaendelea na safari. Mkato wa ubavuni hauzibiki kwa usalama, na tairi lenye meno mazima kabisa linatupwa kwa ajili ya jeraha la urefu wa kidole. Basi ukiwa dukani, uliza tairi lenye herufi LT mwanzoni mwa kipimo, yaani LT265/70R16. Herufi hizo humaanisha limetengenezwa kwa gari la mizigo, na kwa kawaida ubavu wake ni mnene na mgumu zaidi.

Hapo muuzaji atakwambia ni tairi la plai kumi. Zamani neno hilo lilikuwa idadi ya tabaka za nguo zilizokuwamo ndani ya tairi. Siku hizi ni daraja la nguvu tu, na tairi la radiali linaloitwa plai kumi halina tabaka kumi. Daraja hilo huandikwa kwa herufi E, plai nane ni D, na plai sita ni C. Lililo na maana zaidi ni namba ya uzito inayofuata kipimo. Tairi la kawaida la 265/70R16 mara nyingi huandikwa 112, ambayo ni kilo 1,120 kwa tairi moja. La LT la daraja la E huandikwa 121/118, na 121 ni kilo 1,450. Tofauti hiyo isikufanye uongeze magunia. Ekseli, springi na breki za gari hazikubadilika, na uwezo wa gari ni ule ulioandikwa na waliolitengeneza. Ujue pia kwamba tairi la LT linahitaji upepo mwingi kidogo kuliko la kawaida ili libebe uzito uleule, kwa hiyo namba iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, ambayo ilipangwa kwa tairi gari lilipotoka nalo kiwandani, itakuwa ndogo mno. Mwambie muuzaji akuonyeshe jedwali la mtengenezaji wa tairi. Gari likiwa tupu litakurusha kidogo. Hilo vumilia.

Kuhusu 265/75R16, tunapingana na muuzaji wako. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayoingia katika kimo cha ubavu, na ya mwisho ni inchi za rimu. Ukipiga hesabu, tairi ulilo nalo lina kimo cha milimita 777 kutoka juu hadi chini, na analokuuzia lina milimita 804. Tofauti ni 27, na kwa kuwa nusu yake iko juu ya ekseli, gari lako litainuka milimita 13 au 14, ambazo kwenye tope la Tarasaa hutaziona. Utakachokiona ni kipima mwendo kuonyesha 80 ilhali unakimbia karibu 83, injini kulemewa kidogo kwenye kila gia, na pengine tairi kukwaruza madigadi ya gari unapokata usukani hadi mwisho. Baki na kipimo chako.

Lililobaki ni tarehe, na hapa wanunuzi wengi wa pwani hulala. Kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016, kwa hiyo tairi jipya unalouziwa leo limevuka bahari, limekaa kwenye kontena, kisha likakaa ghalani au, vibaya zaidi, limeanikwa juani mbele ya duka. Tafuta herufi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho: 2224 ni wiki ya 22 ya mwaka 2024. Tarakimu hizo mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usikubali kufungiwa tairi ambalo hukulizungusha ukalitazama pande zote mbili, na ukipita kidole kati ya meno usikie kama mpira umeanza kupasuka nyufa nyembamba. Kampuni ya Michelin hushauri kwamba tairi lililotumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na lililofikisha miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata likiwa na meno. Kwa jua letu, sisi tusingengoja miaka 10.

Basi jibu letu ni hili: nunua matano, spea ikiwamo, ya njia zote, LT265/70R16, na usibadilishe kimo. Kama biashara yako ya Ngao na Tarasaa ni kubwa kiasi kwamba vuli na masika huendi kwingine, iko njia nyingine ambayo watu huiona ya gharama kumbe hugawa gharama: rimu nne za pili, za mitumba zisizopinda, zilizofungwa matairi ya matope, ambazo unazivaa msimu wa mvua na kuzivua mvua zikiisha. Kila seti hudumu zaidi kwa kuwa nyingine inafanya kazi. Lakini ziweke kivulini, na upepo uwe umepunguzwa.

SWALI: Salamu kwenu. Mimi ni mama mfanyabiashara wa Mpeketoni. Nina lori dogo aina ya kanta, linavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na nyuma yako pacha. Hukusanya pamba na simsim kutoka Hongwe na vijiji vya upande wa Ziwa Kenyatta. Dereva wangu anataka nimnunulie matairi ya matope yote sita. Mimi si dereva, ila naona kama minyororo ingenitosha. Je, nakosea? — Mama wa Mpeketoni

JIBU: Hukukosea, mama, ila dereva wako naye asipuuzwe, kwani yeye ndiye anayelala njiani lori likizama. Gari linalovuta nyuma tu halina faida kubwa ya kuwa na meno ya matope mbele. Magurudumu ya mbele kazi yake ni kuongoza na kufunga breki, na kwa kazi hiyo tairi lenye mistari mirefu inayozunguka, ama lenye mistari katikati na meno kwenye mabega, ni bora na hudumu zaidi kwenye lami ya Mokowe na Witu. Nyuma ndiko kwa kuweka meno makubwa. Kwa hiyo manne ya nyuma yawe ya meno, mawili ya mbele ya mchanganyiko, na hapo bei itashuka bila dereva kunyimwa haki yake.

Kwenye pacha pana mambo ambayo mwenye gari asiyeendesha anaweza kuyasimamia mwenyewe, nasi tungependa uyasimamie. Matairi mawili yaliyofungwa pamoja lazima yawe ya kimo kimoja, aina moja, na upepo mmoja. Ukiweka jipya kando ya lililokwisha meno, lile refu hubeba mzigo wa wote wawili, na ndilo litakalopasuka. Ndani ya pacha ndimo mnamosahauliwa: la nje hupimwa upepo kwa sababu valvu yake iko karibu, la ndani huachwa hadi lipasuke. Mwambie dereva akupimie yote sita mbele yako, gari likiwa halijatembea. Aangalie pia jiwe lililobanwa kati ya pacha, kwani jiwe moja hutafuna mbavu mbili kwa pamoja, na tope lililokaukia hapo hubeba mawe. Zile namba za uzito tulizomweleza ndugu wa Malindi zimeandikwa mbili kwa ajili yako: 121/118 ni kilo 1,450 tairi likiwa peke yake, na kilo 1,320 likiwa katika pacha.

Dukani utaulizwa nailoni au waya. La nailoni lina ubavu mnene unaovumilia visiki, na bei yake ni nafuu, lakini hupata moto likikimbizwa kwenye lami. La waya, yaani radiali, hukimbia bila kupata moto mwingi, hudumu zaidi na hupunguza mafuta, ila ubavu wake ni laini. Tangu barabara ya Garsen hadi Lamu iwekwe lami, sababu za kununua nailoni zimepungua sana. Kama lori lako haliendi zaidi ya Mpeketoni na mashamba yake, nailoni bado ina nafasi. Usichanganye aina hizo mbili kwenye ekseli moja. Na kama matairi yako yana tyubu ndani, dereva asipunguze upepo kama wanavyofanya wenye pikapu: tairi legevu lenye tyubu huteleza juu ya rimu, likaivuta tyubu na kuing'oa valvu.

Kwa sababu hiyo hiyo minyororo inakufaa. Hufungwa kwenye magurudumu ya nyuma kabla ya kuingia topeni, kwani kuifunga gari likishazama ni adhabu. Hukazwa, gari likasogezwa hatua chache, ikakazwa tena, na mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Ikifika lami hufunguliwa mara moja, kwa kuwa huko hutafuna barabara, hulikata tairi lenyewe, na yenyewe hukatika. Inunuliwe ya kipimo cha tairi lako. Mnyororo mrefu uliokunjwa na kufungwa kwa waya hufyatuka ukapiga bomba la breki.

Kuna jambo moja ambalo tairi wala mnyororo haviwezi kulitatua. Mwisho wa mwaka 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Garsen na Lamu pale Gamba na Lango la Simba, tatizo halikuwa kushika ardhi. Maji yanayokwenda, yakifika katikati ya gurudumu, huanza kuliinua gari na kulisukuma, na tairi kubwa lililojaa upepo huelea zaidi. Dereva wako akikupigia simu kusema amesimama na anangoja maji yashuke, mama, usimharakishe.

SWALI: Naendesha pikapu kati ya Mambrui na Ngomeni, na njia yangu ni mchanga mtupu. Rafiki zangu wamenunua matairi ya matope. Yatanifaa na mimi? — Msomaji, Ngomeni

JIBU: Hayatakufaa. Kwenye mchanga mkavu meno makubwa huchimba, na kila unapokanyaga mafuta unajichimbia shimo. Tairi la njia zote, au hata la lami ambalo limeanza kupungua meno lakini ni zima, litakupitisha vyema zaidi likiwa na upepo wa pauni 18 gari likiwa tupu. Kanyaga mafuta kwa upole, usikate kona kwa ghafla, na ukitaka kusimama liache gari lisimame lenyewe bila breki, maana breki husukuma kilima cha mchanga mbele ya kila gurudumu, na kilima hicho ndicho kitakachokuzuia kuondoka. Ukiona magurudumu yanazunguka bila gari kusogea, acha hapohapo; rudi nyuma juu ya alama zako mwenyewe, au uchimbue mchanga mbele ya matairi yote manne kabla ya kujaribu tena.

Huko kwako kuna na chumvi. Kwa kuwa utakuwa ukifungua na kufunga vifuniko vya valvu kila safari, ondoa vile vya chuma vinavyopendwa kwa urembo. Hewa ya chumvi huvigandisha kwenye valvu, na siku utakapotumia koleo kukifungua, valvu nzima itakatika na tairi litalala. Weka vya plastiki, uwe na vingine vya akiba, na ukirudi nyumbani mwagia rimu na valvu maji yasiyo ya chumvi.